Çılbır ya watu sita, jiko la plate mbili

Jumatatu usiku

Mradi wa wiki hii ni huu. Jumapili nna wageni, tutakua sita jumla, wanne ni wenzangu wa Kiswahili hapa Istanbul (wawili wa Dar, mmoja Mzanzibari, mmoja katoka Mombasa juzijuzi kuanza masters), na wa tano ni teyze (mama mtu mzima, unamwita hivyo kwa heshima) wa ghorofa ya chini ambae nilimwalika kwa heshima tu nikijua atasema ana shughuli, akanijibu inşallah kwa sauti ile ambayo nikajua huyu mama anakuja na anakuja mapema.

Nimeshatangaza kwamba ni kifungua kinywa cha Kituruki. Simit (mikate ya duara yenye ufuta) ntachukua kwa mzee wa mkokoteni hapo kona, jibini na zeituni za dukani, asali ipo, matango ni kukata tu, chai najua. Cha kupika mwenyewe ni kimoja tu, çılbır. Kwa asiyeijua: yai unalipasua na kulitumbukiza kwenye maji ya moto bila ganda, linaiva nje, kiini kinabaki uji, unalilaza juu ya mtindi mzito wenye kitunguu saumu, alafu juu unamwagia siagi ya moto yenye pilipili nyekundu. Imeisha hiyo. Najua kuna watu washakunja uso hapo kwenye mayai na mtindi, subirini kwanza.

Kwanini sio menemen, yale mayai ya kupikwa na nyanya? Kwanza ni Februari, nyanya za saa hizi ni za greenhouse, nyekundu kwa macho tu, mdomoni ni maji, na menemen bila nyanya ya maana ni mayai yaliyoloa. Pili, mtu wa kwetu ukimwekea menemen anakwambia sasa si mayai ya nyanya haya, hata mama anapika, na kwakweli huna jibu. Tatu inaleta ugomvi mezani. 2018 yule mkosoaji wa misosi maarufu hapa, Vedat Milor, aliuliza Twitter menemen ni ya kitunguu au haina kitunguu, wakapiga kura watu zaidi ya laki nne, kitunguu kikashinda kwa asilimia 51. Yani taifa zima limepasuka katikati kwa sababu ya kitunguu. Teyze yuko upande wa 49 na ukimgusa hapo humalizi leo.

Sasa çılbır ya mtu mmoja ni dakika kumi, haina stori. Ya watu sita ndo kazi. Mayai kumi na mbili yote kiini uji, mtindi usiwe wa baridi wala usiwe wa moto, siagi ifike mezani bado inatoa povu, na vyote vikutane kwenye sahani sita kwa pamoja, na jiko langu lina plate nne ila zinazowaka ni mbili, na moja kati ya hizo mbili ni mali ya çaydanlık (birika la chai) asubuhi nzima maana nchi hii huwezi kumkalisha mtu mezani bila chai. Kihalisi nna plate moja. Ndo mradi wenyewe huo, mapishi ni rahisi, mpangilio ndo mtihani.

Jumanne

Mayai leo.

Hapa kila yai lina muhuri kwenye ganda na tarakimu ya kwanza inakwambia kuku anaishije: 0 ni wa organiki, 1 ni yule anayetoka nje kutembea, 2 yuko bandani ila yuko huru humo ndani, 3 ni wa kwenye kizimba. Alafu inafata TR na namba za shamba. Watu wanalipia hela nzuri kupata 0 au 1 na sina ubishi na hilo, ila kwa kazi ya çılbır hiyo tarakimu haikwambii kama yai litashikana kwenye maji. Kinachoamua ni lina umri gani.

Chukua mayai mawili, la leo na lililokaa friji wiki mbili tatu, pasua yote kwenye sahani bapa uyaangalie kwa karibu. La leo kiini kimenyanyuka na ute umekizunguka mzito umesimama, pembeni kuna majimaji kidogo sana. La zamani limetanuka, kiini kimelala, na majimaji yamekimbia mpaka ukingoni mwa sahani. Sababu ni kwamba ute uko wa aina mbili, mzito na mwepesi, na ganda la yai lina vitundu vidogo sana, kila siku kaboni dayoksaidi inatoka nje kupitia humo, ute unabadilika taratibu unapoteza nguvu, mzito unapungua na mwepesi unazidi. Ule mwepesi ukigusa maji ya moto ndo unakua yale manyuzinyuzi meupe yanayojaa sufuria nzima, mtu anaona kashindwa kupika kumbe yai lake ni la mwezi uliopita.

Kama huna sahani ya kuchezea, tumbukiza yai zima kwenye glasi ya maji baridi. Likilala chini ubavu, safi. Likisimama wima lakini bado liko chini, limekaa kidogo, la kuchemsha hilo (tena ya zamani kidogo ndo yanamenyeka vizuri yakichemshwa na ganda, mabichi kabisa yanakupa hasira). Likielea, achana nalo.

Kwahiyo mayai sinunui leo. Nanunua kesho sokoni.

Jumatano

Çarşamba Pazarı ya Fatih, gulio la kila Jumatano, mitaa kuzunguka msikiti wa Fatih inafungwa magari na inakua soko toka asubuhi. Kama hujawahi kufika usije na mtoto mdogo wala na haraka. Makelele, akina mama na vile vikapu vya magurudumu wanakupitishia kwenye vidole vya miguu, jamaa wa spinachi anaimba, wa soksi nae anaimba.

Mayai trei moja ya thelathini, tarehe ya juzi. Kitunguu saumu cha Taşköprü, huko Kastamonu, ambacho ndo wenyewe wanakisifia, punje ngumu na kikali kweli, ukikibonyeza hakibonyei. Mtindi sasa: kuna yogati ya kawaida na kuna süzme, ile iliyochujwa maji kwenye kitambaa ikabaki nzito. Nimechukua süzme kilo moja kutoka kwa mama mmoja anaeuza kwa kupima, kanionjesha kwa kijiko cha plastiki, ina uchachu unaofika nyuma ya taya. Kwa çılbır nnataka süzme kwa sababu yai linakuja na maji yake hata ulipanguse vipi, mtindi mwepesi ukiongezewa hayo maji unabaki na supu.

Siagi ya Trabzon nimeiangalia bei nikaiaga kwa heshima. Nimechukua ya kawaida, ya siagi kweli ila, sio margarini, maana margarini hainukii chochote ikipata moto.

Baada ya hapo tramu mpaka Eminönü kwa ajili ya pilipili. Mısır Çarşısı ni lile soko la viungo la karne ya 17 pembeni ya Yeni Cami, ndani ni kwa watalii, pazuri kwa kupiga picha, ila ukitoka mlango wa nyuma ukaingia vichochoro vya Tahtakale bei inaanza kuongea lugha ya binadamu. Nnayoitaka inaitwa pul biber, pilipili nyekundu iliyokaushwa juani, ikatolewa mbegu nyingi, ikasagwa chengachenga na kupakwa mafuta na chumvi kidogo, kwahiyo ukiishika haina vumbi, ina unyevunyevu. Ya Maraş ni nyekundu ina utamu flani wa matunda na ukali wa kiasi. Ya Urfa, isot, ni nyeusinyeusi ya zambarau, mchana inaanikwa usiku inafunikwa itoe jasho, inanukia moshi moshi. Nimechukua zote mbili ila ya kwenye siagi ni Maraş, sababu nataka ile rangi. Muuzaji kanijazia kiganja nionje, nikaonja, nikamwambia hii ni kali kidogo tu, akaniuliza natoka wapi, nikasema Tanzania, akacheka akasema basi wewe chukua nusu kilo.

Unga wa paprika wa supermarket usijidanganye nao. Unaungua kabla siagi haijapata moto.

Alhamisi

Leo ni siku ya maji, na hapa ndo nakaa sana kwa sababu hapa ndo kila mtu mtandaoni ana mbinu yake na mbinu nyingi zinapingana.

Nna kipimajoto cha jikoni cha bei rahisi. Sufuria pana, maji lita mbili, siki vijiko viwili vya chakula. Siki ina kazi, tindikali inafanya ute ugande haraka kabla haujasambaa, ila ukizidisha yai linakua na ladha ya achari na nje linakua gumu gumu. Vijiko viwili kwa lita mbili unaisikia kwa mbali sana, na ukija kulitumbukiza yai kwenye maji mengine inaisha kabisa.

Kuna ile ya kukoroga maji mpaka yazunguke alafu unadondosha yai katikati. Inafanya kazi, yai linajikunja vizuri linakua duara. Ila ni yai moja. Ukishaweka la pili linagonga la kwanza na ule mzunguko ushakufa, kwahiyo kwa mayai kumi na mbili uzungushe mara kumi na mbili, wageni watakula saa nane mchana. Nimeitupa.

Iliyobaki mkononi ni chujio. Unapasua yai kwenye chujio la waya lenye matundu madogo, lile la kuchujia juisi, juu ya bakuli, unalitikisa taratibu kidogo sana, ule ute mwepesi unadondoka chini, kinachobaki kwenye chujio ni kiini kimekaa ndani ya ute mzito. Unaliteremsha hapohapo kwenye maji, chujio likigusa maji, unaligeuza, yai linateleza lenyewe. Hakuna manyuzi. Mayai ya jana yamedondosha kijiko kimoja cha ute tu, hata hayakuhitaji sana, ila ya zamani yaliyokua kwenye friji yamedondosha karibu nusu na yale yaliyobaki yametoka mazuri tu. Kwahiyo hata ukiwa sehemu ambayo mayai mabichi ya siku mbili ni ndoto, chujio linakuokoa.

Joto sasa. Ute unaanza kuganda kwenye nyuzi 62 hivi, kiini kinaanza kuwa kizito kwenye 65 na kuendelea mpaka 70 kinakua kigumu. Maji yanayotokota ni 100 na yale mapovu makubwa yanalirusha yai huku na huku mpaka linachanika. Nnachotaka ni 80 mpaka 85, na bila kipimajoto unaijua kwa macho: vile viputo vidogo vimeng'ang'ania chini ya sufuria, kimoja kimoja kinapanda, uso wa maji umetulia unatetemeka tu. Hapo dakika tatu. Unalinyanyua na kijiko cha matundu unaligusa kwa kidole, ute umeshika, katikati kunabonyea. Likibonyea mpaka unaogopa, lirudishe nusu dakika.

Manne manne kwa mkupuo yanaenea kwenye sufuria yangu bila kugusana. Ila hata hivo ni mikupuo mitatu na la kwanza litakua la baridi wakati la mwisho linatoka. Hapa nikakumbuka kitu nilichowahi kuona jikoni kwenye hoteli moja niliyofanya vibarua vya summer, mayai yote ya asubuhi yalikua yanapikwa saa kumi na moja alfajiri yanakaa kwenye beseni la maji ya barafu, mteja akiagiza linachovywa kwenye maji ya moto linatoka. Nikapiga hesabu ya nyuzi: kama kiini hakianzi kuwa kizito mpaka 65, basi maji ya 60 yanaweza kulipasha yai bila kuliivisha zaidi. Nimejaribu. Yai limetoka kwenye 85, likaenda moja kwa moja kwenye maji ya barafu likapoa kabisa, likakaa friji saa nzima ndani ya maji yake, alafu nikalipeleka kwenye sufuria ya maji ya 60 ambayo nimeshaitoa kwenye moto, dakika mbili. Nikalikata. Kiini kimemwagika chote, na cha moto. Yani sufuria iko juu ya meza, sio kwenye jiko! Plate yangu iko huru kwa siagi.

Kwangu mradi umeshakua mradi hapo. Mayai yote Jumamosi usiku, Jumapili ni kupasha tu.

Ijumaa

Sijapika kitu. Nimekutana na teyze kwenye ngazi wakati natoka msikitini, akauliza Jumapili nifike saa ngapi, alafu akauliza napika nini, nikamwambia çılbır. Akasimama kabisa na mifuko yake.

"Çılbır asubuhi?"

Kumbe kwake yeye çılbır ni chakula cha jioni. Siku nyama imeisha, mgeni kaja ghafla, mtindi upo mayai yapo, unapika unakula na mkate. Asubuhi wanakula mayai ya kuchemsha, au sucuk (soseji ya viungo) na mayai kwenye sahan (kile kikaango kifupi cha masikio mawili kinachokuja mezani kama kilivyo). Nikamwambia siku hizi migahawa yote ya Kadıköy na Cihangir inaiuza kwenye brunch, akasema wale wanauza chochote.

Na nadhani najua imeanzaje. Huko nje chakula hiki kimevuma sana kwa jina la mayai ya Kituruki, na mtu mmoja aliyekivumisha ni Peter Gordon, mpishi wa New Zealand, alikutana nacho hapahapa Istanbul alipokua anafanya kazi na mgahawa wa Changa, akakipeleka kwenye mgahawa wake wa Providores pale London, Marylebone, na kwa miaka watu walikua wanapanga foleni asubuhi kukila. Kwahiyo chakula cha jioni cha akina teyze kikaenda Uingereza kikawa cha asubuhi, kikapigwa picha weee, kikarudi nyumbani na bei ya brunch.

Na bizari majani juu yake (dereotu wanaiita hapa). Video zote nilizoangalia wanamwagia dereotu iliyokatwakatwa. Nikamuuliza teyze. Akaniangalia akasema dereotu ni ya cacık (mtindi na matango) na ya maharage mabichi, kwenye çılbır ukitaka kijani weka nane kavu (ndo mnanaa kwa Kituruki, sio namba) kidogo kwenye siagi, na kama hutaki usiweke. Nimefuta dereotu kwenye orodha.

Jumamosi usiku

Mayai kumi na nne yamepikwa, mawili ya akiba, yako friji kwenye bakuli la maji. Mkupuo wa pili kuna moja limechanika, nimelila.

Siagi nimeifanyia majaribio kidogo kidogo ya gramu ishirini. Siagi ikianza kuyeyuka inatoa makelele, hayo ni maji yaliyomo yanachemka yanatoka. Makelele yakipungua na povu likawa dogo dogo la rangi ya maziwa, chini vile vipande vya maziwa vinaanza kuwa vya kahawia, inanukia karanga za kuchoma. Hapo unaitoa kwenye moto kwanza, ndo unatia pilipili. Sio unatia pilipili ndo unatoa. Joto lililobaki linatosha kabisa, pilipili inalipuka povu mara moja, inazunguka, na ndani ya sekunde kumi siagi yote imekua nyekundu ya machungwa, rangi ya pilipili inayeyuka kwenye mafuta haiyeyuki kwenye maji ndo maana siagi inaibeba yote. Ukiiacha motoni inakua nyeusi na chungu na hakuna wa kuirudisha. Kipimo nilichobaki nacho: gramu 20 kwa mtu, kijiko kimoja cha chai cha pul biber kwa kila gramu 40, nane kavu ya kubana kwa vidole viwili, mwisho kabisa.

Mtindi: gramu 700 za süzme, punje tatu za kitunguu saumu zimetwangwa na chumvi kwenye kinu mpaka uji. Hiki nakitia asubuhi, sio leo, maana kitunguu saumu kibichi kikilala kwenye mtindi usiku kucha kinazidi ukali mpaka kesho yake hamna mtu wa kukaa karibu na mwenzie kwenye basi.

Lililobaki ni joto la mtindi. Wa friji ukilazia yai juu yake unaua kila kitu, yai linapoa, siagi inaganda inakua nta juu ya meza. Ukiupasha kwenye jiko unakatika, madonge huku maji kule. Jibu nimepewa na teyze bila hata kuliomba, kalitaja tu kwenye ngazi pale: weka bakuli juu ya kalorifer. Lile redieta la dirishani! Februari linawaka masaa yote, bakuli la chuma lina uso bapa linakaa vizuri, unakoroga kila baada ya muda, robo saa mtindi umekua wa vuguvugu, laini unang'aa. Na sahani nazo zinapangwa hapohapo zipate joto. Wakati wa joto utauacha tu mezani saa nzima utafika wenyewe.

Jumapili

Teyze kafika wa kwanza, saa tatu na nusu, na kopo la jamu ya tini aliyopika mwenyewe na taulo la mkate wa moto. Wengine saa nne na kitu, yule wa Mombasa saa tano akisema ni Marmaray (treni ya chini ya bahari), ila Marmaray ilikua inatembea vizuri tu wenzie wamekuja nayo.

Mpangilio ulivyoenda: maji yamechemka kwenye birika la umeme, yamemwagwa kwenye sufuria kubwa na maji ya bomba kidogo mpaka kipimajoto kikasoma 60, mayai kumi na mbili yameingia yote pamoja, yakashuka mpaka 54 hivi nikaongezea maji ya moto pembeni. Wakati huo siagi iko kwenye plate ya pili, çaydanlık kwenye ya kwanza inafoka. Mtindi umepakwa kwenye sahani sita, umefinywa katikati na mgongo wa kijiko pawe na shimo. Mzanzibari ndo alikua ananyanyua mayai anayapangusa kwenye taulo safi, mimi nalaza mawili mawili, dada wa Dar anafata nyuma na chumvi. Siagi ikafika kwenye povu lake, nikaitoa, pilipili, nane, mwaga. Toka yai la kwanza kutoka majini mpaka sahani ya sita kupata siagi ni kama dakika tatu, na sahani ya kwanza bado ilikua inatoa mvuke.

Ukikikata kiini na kona ya mkate kinashuka kwenye mtindi, siagi nyekundu inakifata, vinakutana chini kwenye lile shimo havichanganyiki kabisa, kuna njia nyekundu na njia ya njano na nyeupe katikati, na hapo ndo unachovya. Hamna uma. Wenzangu walianza na uma, teyze akawaonyesha kwa mkate bila kusema kitu, uma zikawekwa chini.

Wa Mombasa, aliyesema mtindi na mayai yeye hapana, kala mawili yake akauliza yale ya akiba yako wapi.

Mzanzibari akaomba maziwa ya chai. Teyze alimtazama huyu kijana, akaitazama ile glasi ya chai nyekundu, akanitazama mimi. Nikampa maziwa haraka haraka jikoni.

Hukumu ya teyze: siagi nzuri, mtindi ungepata chumvi kidogo zaidi, mayai "olmuş", yani yameiva sawasawa. Alafu akauliza nimeyapika saa ngapi mbona sufuria haiko jikoni, nikamweleza habari ya Jumamosi na maji ya 60, akanyamaza akifikiria, akasema kwa watu wawili hakuna haja ya hayo yote. Ni kweli. Kwa wawili pasua tu kwenye maji.

Baadae dada wa Dar akachokoza kwa kuuliza menemen inapikwaje. Nilimkonyeza. Alikua ameshachelewa, tumekaa kwenye kitunguu mpaka Adhuhuri.

Jumatatu

Siagi yenye pilipili iliyobaki nimeikuta asubuhi imeganda kwenye kikombe, nimepaka kwenye mkate wa kuchoma, jamani. Mtindi wa kitunguu saumu uliobaki nimeumalizia na biringanya za kukaanga.

Unaofata ni mayai ya vitunguu, soğanlı yumurta. Hiki ni cha ikulu ya Topkapı, inasimuliwa kwamba Sultani katikati ya Ramadhani, baada ya ziara ya Joho la Mtume, alikua anafuturu na mayai ya vitunguu, na aliyeyapika akimfurahisha anapandishwa cheo. Vitunguu vinakatwa vyembamba vinapikwa kwa siagi kwenye moto mdogo sana masaa matatu na zaidi mpaka vinalainika vinakua kahawia, vinapata siki kidogo na mdalasini, alafu mayai yanapasuliwa juu. Ramadhani iko karibu, teyze kasema yeye futari yake hiyo ndo atakuja kuionja, na nikamuuliza hii je, vitunguu vinaruhusiwa, akasema hii haiitwi menemen. Vitunguu kilo mbili nishanunua, naanza Jumamosi baada ya Adhuhuri.